Nchi Ambayo Jua Halitui: Safari ya Meli na Swala Tano



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na swahaba zake.

Swali la juma hili limetoka kwa wazazi wawili wa jamaa ya msikiti wetu. Kijana wao anafanya kazi nchini Norway na ana miaka mingi huko. Amewaandikia kwamba mwezi wa Julai, panapo majaaliwa, angependa kuwachukua katika meli ndogo ya abiria wasiofika mia, wazunguke kwa siku nane visiwa vya Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wakatazame milima ya barafu, dubu weupe na ndege wa baharini. Mama ameuliza: "Mwanangu, mahali ambapo jua halitui, mimi nitaswali vipi Magharibi?" Baba naye ameuliza: "Sisi bado hatujahiji. Fedha nyingi namna hiyo kwenda kutazama barafu, si israfu?"

Maswali haya yana uzito kuliko yanavyoonekana. Vijana wetu wengi wapo ughaibuni, na wapo wanaotamani kuwaonesha wazazi wao nchi walizozijua. Nimeyafikisha maswali yote mawili kwa imamu wetu, na haya ninayoyaandika nimeyapitia pamoja naye. Nitaanza na la mama, kwa kuwa swala ni nguzo ya dini. Kisha nitaingia katika la baba.

NCHI YENYEWE ILIVYO

Svalbard ni funguvisiwa lililo katikati ya bara la Norway na Ncha ya Kaskazini. Kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1920, visiwa hivi viko chini ya mamlaka ya Norway. Mji wake mkubwa, Longyearbyen, uko kwenye nyuzi 78 kaskazini ya ikweta. Hapo jua halitui kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi takriban tarehe 23 Agosti. Kisha, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, halichomozi kabisa. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imefunikwa na barafu isiyoyeyuka ikaisha, mwaka hadi mwaka.

Meli zinazokwenda huko kwa safari za namna hii si zile kubwa mfano wa mji, zenye maduka na mabwawa ya kuogelea. Ni ndogo, ili ziweze kuingia katika ghuba nyembamba. Sehemu nyingi hazina gati. Abiria huteremshwa kwa boti za mpira, watu wachache wachache, wakiwa wamevaa mabuti ya mpira na makoti mazito. Waongozaji hutangulia ufukweni na bunduki zao, wakachunguza kwa darubini kama kuna dubu, ndipo watu washuke. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria imekaza zaidi: hairuhusiwi kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni ni mita 500, na katika maeneo ya hifadhi haingii meli yenye abiria zaidi ya 200.

Jambo moja la kulielewa mapema ni kwamba ratiba ya meli hizi hufuata barafu, upepo na wanyama. Abiria anaweza kuamshwa saa sita za usiku, jua likiwa linawaka, kwa kuwa dubu ameonekana. Saa za kula na saa za kulala huvurugika. Katika hali hiyo, asiyekuwa na mpango wa swala zake kabla ya kupanda meli atajikuta siku mbili zimepita na hajui ameswali ngapi. Ndiyo maana swali la mama ni swali la kwanza, na linapaswa kujibiwa hapa nyumbani, si huko baharini.

SWALA HAIANGUKI KWA JUA KUTOTUA

Mama yangu, msingi wa jawabu umo katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kutoka kwa swahaba an-Nawwas bin Sam'an (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwaeleza maswahaba habari za Dajjal, kwamba atakaa duniani siku arobaini, na kwamba moja katika siku hizo itakuwa na urefu wa mwaka mzima. Maswahaba hawakuuliza watakula nini katika siku ndefu namna hiyo. Waliuliza kama swala za siku moja zitatosha. Mtume (S.A.W.) akawajibu kwamba hazitatosha, bali wakadirie nyakati. Maulamaa wakachukua kutoka hapo kanuni kubwa: alama ya wakati inapokosekana, wajibu wa swala haukosekani, mja hukadiria wakati, na akaswali tano katika kila saa ishirini na nne.

Wakadirie kwa kipimo gani? Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ni kufuata nchi iliyo karibu zaidi ambako usiku na mchana hupambanuka. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu huko Makkah, katika maamuzi yake ya miaka ya 1980, liliitazama ardhi iliyo juu ya nyuzi 66 na kuelekeza kwamba nyakati zake zikadiriwe kwa kulinganisha na nyuzi 45. Wapo pia wanachuoni waliojuzisha kufuata nyakati za Makkah. Zote ni njia za watu wa elimu. Imamu wetu amesisitiza jambo moja: chagueni njia moja kabla ya safari, iandikeni kwenye karatasi siku kwa siku, na mshikamane nayo mpaka mrudi. Anayefuata Makkah leo kwa kuwa amechoka, na kesho akafuata mji mwingine kwa kuwa amechelewa kuamka, huyo anafuata usingizi wake.

Na si kwamba alama zote hupotea. Katika mwezi wa Julai huko Svalbard, jua huzunguka mbingu bila kuzama, lakini mchana huwa juu zaidi upande wa kusini, na usiku wa manane huwa chini upande wa kaskazini. Linapopita kusini na kuanza kushuka, Adhuhuri imeingia. Kivuli cha kitu kinaporefuka kwa kadiri ya urefu wa kitu chenyewe, juu ya kivuli kilichokuwapo wakati wa zawali, Alasiri imeingia. Kwa hiyo swala mbili zina alama zake mbinguni kama kawaida; zinazohitaji makadirio ni Magharibi, Isha na Alfajiri.

Wala sisi si wa kwanza kukutana na jambo hili. Mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir alimtuma Ahmad ibn Fadlan kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Bulghar, kandokando ya mto Volga, katika ardhi ambayo leo ni ya Urusi. Walifika mwaka uliofuata, siku zikiwa ndefu. Ibn Fadlan anasimulia kwamba aliketi hemani kuzungumza na mshonaji aliyetoka Baghdad, wakisubiri adhana ya Isha. Adhana ilipolia wakatoka, na kumbe alfajiri imekwishapambazuka. Muadhini akawaeleza kwamba Isha huswaliwa pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na mwezi mzima hajalala usiku kwa kuchelea kupitwa na swala ya Alfajiri. Tazama, ndugu msomaji, mtu huyo ambaye hata jina lake hatukuachiwa: usiku wake ulikuwa mfupi kuliko usingizi, akautoa usingizi.

Mpaka leo Waislamu wanaishi katika miji ya namna hiyo. Tromsø, kaskazini ya Norway, upo kwenye nyuzi 69 na una Waislamu na msikiti wao. Huko Inuvik, kaskazini mwa Kanada, Waislamu wachache walishindwa na gharama za kujenga hapohapo. Mwaka 2010 msikiti wao ukajengwa Winnipeg na kusafirishwa mzima kwa lori na tishari, masafa ya zaidi ya kilomita 4,000. Ambaye amebeba msikiti kwa masafa hayo hakuona kwamba jua lisilotua ni udhuru.

SWALA NDANI YA MELI

Tukishajua wakati, yapo mambo matano ya kutayarisha.

La kwanza ni kupunguza na kukusanya. Meli hiyo hulala ghuba hii leo na kesho ghuba nyingine, nanyi hamkunuia kukaa mahali pamoja siku nne, basi nyinyi ni wasafiri. Adhuhuri, Alasiri na Isha mtaziswali rakaa mbili mbili, na mna ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Kwa ruhusa hiyo siku nzima inakuwa na vikao vitatu vya swala, na hakuna ratiba ya meli itakayovishinda. Hii ni sadaka aliyotupa Allah (S.W.), tuipokee.

La pili ni kibla. Kutoka Svalbard, Makkah iko upande wa kusini, kwa kuelekea kidogo mashariki. Meli ikiwa imetia nanga ni jambo jepesi. Ikiwa inakwenda, muulizeni afisa wa zamu inaelekea wapi. Katika meli nyingi za namna hii abiria huruhusiwa kuingia chumba cha uongozaji. Ikigeuka nanyi mmo ndani ya swala na mkatambua, geukeni. Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi wanaijua vizuri hukumu hii. Tofauti ni baridi tu.

La tatu ni kusimama. Kisimamo katika swala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye uwezo. Bahari ikichafuka na mtu akachelea kuanguka, au kizunguzungu kikamshika, ataswali ameketi, wala hana makosa. Mama mwenye magoti mabovu asijikalifishe mbele ya wimbi ili aonekane hodari.

La nne ni udhu. Yale mabuti ya mpira huachwa katika chumba maalumu kila abiria wanaporudi melini, kisha husafishwa na kutiwa dawa ili mbegu na vijidudu visihamishwe kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kwa hiyo hayafai kutegemewa kwa kufuta juu yake, maana yatavuliwa. Vaeni ndani yake khofu za ngozi zinazofunika vifundo, mzivae mkiwa na twahara, na msafiri ana ruhusa ya kufuta juu yake siku tatu na usiku wake. Na msitegemee kuswali ufukweni: kundi haliruhusiwi kuachana kwa sababu ya dubu, na waongozaji hawawezi kuwasubiri watu wawili. Swalini melini kabla ya kushuka au baada ya kurudi.

La tano ni chakula. Kijana aiandikie kampuni mapema, si siku ya kupanda, kwamba wazazi wake hawali nguruwe wala nyama isiyochinjwa kisheria, na kwamba mchuzi usitiwe mvinyo. Samaki, mayai na mboga havikosekani. Pombe itakuwepo kwenye meza za wengine. Ombeni meza ya pembeni, na hakuna atakayewaona wa ajabu kwa ombi hilo.

KILICHOKO HUKO CHA KUZINGATIA

Sasa tukaribie swali la baba: je, kuna faida gani katika barafu? Qur'ani imetuita mara nyingi kutembea katika ardhi na kutazama, lakini imetutaka kutazama kwa ajili ya mazingatio. Nami naona mazingatio yapo.

Karne ya 17 Waholanzi walijenga kituo kaskazini magharibi ya Svalbard, wakakiita Smeerenburg, yaani mji wa mafuta ya nyangumi. Nyangumi walikuwa wengi katika ghuba zile. Waliwindwa wakachemshwa mafuta, na haikupita muda mrefu ghuba zikawa tupu, kituo nacho kikahamwa. Leo msafiri huoneshwa mabaki ya matanuri, na sheria inakataza kuokota hata msumari uliotangulia mwaka 1946. Walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye pembe mbili mfano wa ndovu, naye aliwindwa kwa ajili ya pembe hizo mpaka akakaribia kwisha. Alihifadhiwa kwa sheria mwaka 1952, na sasa ameanza kuonekana tena ufukweni. Sisi watu wa pwani tunaoijua historia ya pembe za ndovu tunaweza kuisoma habari hii bila mkalimani.

Karibu na Longyearbyen kuna mlango wa zege ubavuni mwa mlima. Hiyo ni hazina ya mbegu za dunia, iliyofunguliwa mwaka 2008. Wageni hawaingii, huutazama mlango tu. Ndani, katika baridi, zimewekwa akiba za mbegu kutoka mabara yote. Vita vilipoifika Halab, nchini Syria, kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA kikashindwa kuitumia benki yake ya mbegu iliyokuwa huko. Mwaka 2015 kikawa cha kwanza kuchukua akiba yake kutoka Svalbard, mbegu zikapandwa Lebanon na Morocco, na baadaye nakala zikarudishwa mlimani. Nani atausimama mlango ule asimkumbuke Nabii Yusuf (A.S.) na ngano iliyoachwa katika mashuke yake kwa ajili ya miaka ya njaa?

JE, NI ISRAFU?

Mzee wangu, kwenda huko si haramu. Lakini umeuliza swali la mtu mwenye akili, na ametangulia kuliuliza mwingine. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameandika kwamba alipokuwa pande za Bulghar alitamani kuingia Nchi ya Giza, mwendo wa siku arobaini kwa magari ya kuvutwa na mbwa juu ya barafu. Akaacha, kwa sababu gharama yake ilikuwa kubwa na faida yake ndogo. Wapo watafiti wanaotilia shaka kama alifika Bulghar kweli. Kipimo alichokitumia, hata hivyo, ni sahihi: gharama, na faida, na kipi kitangulie.

Kipi kitangulie? Madeni yatangulie. Matumizi ya wanaokutegemea yatangulie. Zaka itangulie. Na Hija, kwa mwenye uwezo, itangulie. Hapa imamu wetu ametofautisha mambo mawili. Ikiwa kijana atawapa fedha mikononi na kuwaambia zifanyieni mtakalo, na zikatosha nauli na masurufu ya Hija, basi zimekuwa zenu, uwezo umepatikana, na hakuna barafu itakayotangulizwa mbele ya Al-Kaaba. Ikiwa analipa yeye tiketi za meli kutoka katika mali yake, bila ya kuwakabidhi nyinyi fedha, Hija haijawawajibikia kwa sababu ya tiketi hiyo, na mkikubali zawadi hamna dhambi.

Lakini kutokuwa na dhambi si mwisho wa jambo. Kijana huyu huenda hajui kwamba baba yake anaitamani Hija. Wazazi wetu wengi huona haya kuwaomba watoto wao. Mwambie, mzee wangu. Mwambie kwa upole, bila ya kumlaumu, maana hakukosea: ana miaka mingi mbali nanyi na anatafuta siku nane za kukaa na mama yake mahali pamoja. Mshukuru kwanza, kisha mwambie: "Mwanangu, kama kuna fedha ya safari moja, tupeleke Makkah, na twende pamoja." Siku hizo nane atazipata katika safari hiyo, na ziada. Na kama Allah amemkunjulia mkono akaweza zote mbili, Hija iwe kwanza na meli baadaye. Kama akisema tiketi zimekwishalipwa na hazirudishwi, nendeni kwa moyo mkunjufu, msimvunje, na aweke nia ya Hija tangu siku hiyo.

Kwa watakaokwenda, yapo mawili ya kumalizia. Svalbard iko nje ya eneo la Schengen. Anayepita Norway kwenda na kurudi anahitaji viza ya kuingia mara mbili, na wapo wanaolijua hilo wakiwa wamekwishachelewa. La pili ni wasia. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo na wagonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege. Na kwa miongo mingi sasa majeneza hayazikwi tena Longyearbyen, kwa kuwa ardhi imeganda mwaka mzima. Andikeni wasia, lipeni madeni, ombaneni radhi na majirani, na kateni bima inayobeba gharama za kuhamisha mgonjwa na maiti. Hayo ni wajibu hata kwa anayekwenda mkoa wa jirani; baridi ya kaskazini inatukumbusha tu.

Na wewe kijana uliye ughaibuni unayesoma ukurasa huu, kabla ya kuwakatia wazazi wako tiketi ya kwenda popote, wapigie simu uwaulize swali moja: "Ni safari gani mnayoiomba katika sijida zenu?" Kisha panga fedha zako baada ya kulisikia jawabu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaandikie wazazi wetu Hija yenye kukubaliwa, awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na wa baharini, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaoichunga swala, jua likitua na lisipotua. Amin.

Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshaAllah.